Kulitoboa paa la trela la kambi: tundu la hewa lisilovuja

Swali lililonifikia ni hili: "Nina trela la kupigia kambi la aina ile ambayo paa lake gumu huinuliwa kwa winchi na kuta zake ni za turubai. Usiku joto hutukalia vichwani hata madirisha yakiwa wazi, na mvua ikinyesha tukayafunga, asubuhi dari huwa inatiririka matone. Nimenunua tundu la hewa la inchi 14 lenye feni ndani yake. Nikate wapi, paa litahimili, na nifanyeje lisivuje?"

Ndugu msomaji, malalamiko yako mawili, joto la usiku na matone ya asubuhi, yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba hewa iliyochoka haina pa kutokea. Hewa yenye joto hupanda, na katika trela la aina hii madirisha yote yameshonwa kwenye turubai, chini ya ukingo wa paa, kwa hiyo tabaka lote lililo juu ya usawa wa madirisha hubaki limenaswa kama mvuke chini ya mfuniko wa sufuria. Mtu aliyelala hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi, kiasi cha gramu 30 hadi 40 za mvuke wa maji kila saa. Wawili wakilala saa nane wametoa karibu nusu lita, na mvuke huo hauna budi kugeuka matone pale unapokutana na kitu baridi, yaani paa lenu. Mkipika ndani mambo huzidi, kwa sababu kila kilo moja ya gesi ya propani ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji.

Kwa hiyo dawa uliyoichagua ndiyo yenyewe. Feni nzuri ya tundu la inchi 14, ikiwa kwenye kasi ya juu, inaweza kutoa nje hadi mita za ujazo 25 hivi za hewa kwa dakika, na nafasi ya ndani ya trela la wastani lililofunguliwa haipishani sana na kiasi hicho. Usitarajie ubaridi wa kiyoyozi, maana feni haiwezi kushusha joto la ndani likawa chini ya lile la nje. Itakachofanya ni kuondoa ile tofauti ya nyuzi kadhaa inayowanyima usingizi, pamoja na unyevu wake.

Hofu yako, naona, iko kwenye kukata. Mimi ningekuomba uihamishie kwingine. Kukata ni kazi ya dakika 20, na mtu mwenye mkono mtulivu huiweza. Kinachoharibu mapaa haya ni mambo ambayo mtu hakuyaangalia kabla ya kukata na yale aliyoyaharakisha baada yake, kwa kuwa paa la trela linalokunjwa si sawa na paa la karavani ya kuta ngumu: ni jembamba, linainuliwa na kushushwa mara kwa mara kwa mikono minne ya chuma, na likishuka hulala karibu kabisa na vitu vilivyomo ndani.

Tuanze na hilo la kushuka, kwa sababu ndilo husahauliwa zaidi. Trela la kwanza nililolitoboa mwenyewe lilinifundisha kwa aibu. Nilipima kwa makini upande wa nje, nikakata, nikaziba, nikaridhika. Jioni nikalishusha paa, na sentimita chache kabla halijakaa nikasikia mlio kama wa yai linapopasuka. Kitasa cha kuzungushia kifuniko kilikuwa kimetua sawasawa juu ya bomba la sinki ambalo nilikuwa sijalilaza. Kitasa kilivunjika, fremu ya plastiki ikapata ufa, na mimi nikalala na tundu lililofunikwa kwa turubai na matofali manne.

Tangu siku hiyo hupima kwa udongo. Chukua donge la udongo wa kufinyangia, au hata unga uliokandwa, la ukubwa wa ngumi, ulifunge katika karatasi ya plastiki, kisha uliweke juu ya kitu kilichoinuka kuliko vyote chini ya mahali unapokusudia kukata. Shusha paa hadi mwisho na ufunge komeo zake zote kama unayeanza safari, halafu uliinue tena na upime unene wa donge lililobonyezwa. Huo ndio uwazi ulio nao. Linganisha na urefu wa sehemu ya kifaa chako itakayoning'inia chini ya dari, yaani mota, kitasa na fremu ya ndani, na udai angalau sentimita mbili za ziada, kwa sababu trela likiwa barabarani paa hutikisika na magodoro hufura. Kama donge halikuguswa, weka jingine juu yake na urudie. Ukikuta nafasi haitoshi, sogeza mahali pa tundu. Usijifariji kwamba utakumbuka kila mara kuondoa kitu fulani kabla ya kushusha paa, kwa maana siku ya kufunga kambi kwenye mvua hakuna anayekumbuka chochote.

Jambo la pili ni kulijua paa lenyewe limetengenezwa kwa nini. Mengi ni kama mkate uliopakwa: ngozi nyembamba ya alumini au fibaglasi juu, povu jeupe gumu katikati, lile lile ambalo televisheni mpya hufungashiwa, na ubao mwembamba wa plaiwudi chini. Mengine ni ngozi ya alumini iliyolazwa juu ya mbao zinazokatiza upana wa paa, na mengine yamefinyangwa kwa plastiki ya ABS, ambayo nitaisemea peke yake. Gonga dari kwa kifundo cha kidole kuanzia ukingoni kuelekea katikati na usikilize sauti inavyobadilika. Penye mbao sauti huwa fupi na nzito. Kisha toboa kitundu kimoja cha milimita sita kutoka ndani, katikati kabisa ya eneo litakaloondolewa, na upenyeze waya uliopindwa ncha kama herufi L, uuzungushe kila upande. Waya huo utakuambia kama kuna ubao, kama kuna nyaya za taa, na unene wa kila tabaka. Ukitoka na unga mweusi wenye harufu ya ukungu, acha kazi hapo. Ubao umeoza, maji yameshaingia kutoka mahali pengine, na kuweka tundu jipya juu ya uozo ni kupoteza fedha na paa kwa pamoja.

Kabla hujachora mstari wowote, chunguza pia kama kiwanda kilikwisha kukufanyia nusu ya kazi. Baadhi ya matrela ya aina hii yana fremu iliyofichwa ndani ya paa kwa ajili ya kiyoyozi, na uwazi wake mara nyingi ni wa inchi 14 kwa 14, yaani sentimita 35.6 kila upande. Ukiipata, itumie bila kusita. Wapo watakaokuambia uitunze kwa ajili ya kiyoyozi cha baadaye, lakini kiyoyozi cha paa huwa na uzito wa kilo 35 hadi 45, na kuinua mzigo huo kwa kebo zilizozeeka na makapi, yaani magurudumu madogo yanayopitisha kebo, si jambo ambalo ningemshauri mtu. Tundu lenye feni, pamoja na mbao za kulizunguka, halifiki robo ya uzito huo. Hata hivyo soma kitabu cha mtengenezaji uone paa linaruhusiwa kubeba kilo ngapi wakati wa kuinuliwa, na ujumlishe kila kilichoongezwa juu yake tangu trela linunuliwe.

Pasipo fremu ya kiwanda, chagua mahali karibu na mstari wa katikati ili mikono yote minne ibebe sawa, lakini si pale hasa paa lilipobonyea na kufanya dimbwi, na si juu ya kiungo cha mabati. Usikate ubao unaokatiza paa; afadhali tundu lihame sentimita kumi. Bawaba za kifuniko zielekee mbele ya trela, ili siku utakaposahau kukifunga, upepo wa safari ukisukume chini badala ya kuking'oa. Na vipimo vya kukata vitoke kwenye kifaa kilichoko mkononi mwako, si kwenye jina lake: inchi 14 ni desturi ya Amerika ya Kaskazini, ilhali karavani za Ulaya hutumia zaidi uwazi wa sentimita 40 kwa 40 au 28 kwa 28, na vifaa vya pande zote mbili huuzwa kila mahali.

Ukifika siku ya kukata, usiiamini winchi. Weka nguzo nne za mbao, moja kila pembe, zilizokatwa kwa urefu mmoja, ili kebo ikikatika paa lisishuke juu ya mgongo wa mtu aliye ndani. Usipande juu ya paa. Simama kwenye ngazi iliyo pembeni, kwani katikati hufikika kwa mkono. Bandika tepe ya karatasi na uchore mraba juu yake. Toboa pembe nne kwa drili yenye ncha ya milimita 10 hadi 12 na uunganishe matundu hayo kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo, ule mafundi huuita jigso. Pembe za mviringo si urembo: ufa huanzia kwenye pembe kali, na paa linaloinuliwa na kushushwa halikosi kujikunja kidogo kila siku. Mtu wa pili akae ndani akishikilia kipande kinachokatwa, la sivyo kitaanguka kabla ya upande wa mwisho kwisha na kuichana dari. Vaeni miwani nyote wawili.

Sasa tundu liko wazi na unaona anga, na kishawishi ni kulitia kifaa mara moja. Hapa ndipo ninapoomba subira yako yote, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayoamua kama tundu litadumu miaka miwili au 20. Povu halishiki skrubu. Skrubu iliyopita katika bati jembamba na kuishia kwenye povu itakaza siku ya kwanza, italegea baada ya safari ya tatu, na kuanzia hapo maji yana njia. Lazima uchimbe povu kuzunguka uwazi wote, kuingia ndani kiasi cha sentimita nne, na mahali pake uingize mbao zinazoziba pengo kati ya ngozi ya juu na plaiwudi ya chini. Unene wa mbao hizo uwe sawasawa na pengo. Zikizidi hata milimita mbili, bati litavimba na flanji ya kifaa, yaani ule ukingo wake bapa unaolala juu ya paa, haitalala. Zikipungua, skrubu zitalivuta bati chini na kulizungushia tundu lako mfereji wa kuhifadhi maji ya mvua. Mimi hukata ubao mmoja wa majaribio, nikausukuma ndani kwa kidole gumba. Ukiingia kwa kusitasita bila kugongwa, ndio huo. Zipake mbao zote rangi au epoksi, hasa kwenye ncha zilizokatwa, kabla hazijaingia.

Gundi ya kuzishikia nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Gundi za mguso zenye harufu kali, zile za kubandikia viatu na fomaika, huliyeyusha povu la polistirini mbele ya macho yako, likabaki shimo pale ulipotaka ushikamano. Tumia gundi ya poliyurethani au nyingine ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba haidhuru povu, uibane kwa vibanio juu na chini, uiache hadi kesho yake. Paa la mbao zinazokatiza ni rahisi zaidi: unaongeza vipande viwili kati ya mbao zilizopo, mraba umekamilika.

Kuhusu kuziba, kazi hufanywa na vitu viwili ambavyo kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Chini ya flanji hukaa mkanda wa butili, ule mpira laini unaonata kama ulimbo na usiokauka. Juu ya flanji na vichwa vya skrubu humiminwa dawa ya kuzibia inayojisawazisha yenyewe. Safisha bati kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, bandika butili kuzunguka flanji yote bila kuacha pengo pembeni, lalisha kifaa, kisha kaza skrubu kwa bisibisi ya mkono kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama unavyokaza nati za gurudumu. Butili itatoka taratibu kama siagi kwenye ukingo wa mkate. Ikiacha kutoka, simama. Kesho yake rudi uongeze mzunguko kidogo, kwa sababu butili huendelea kutulia usiku kucha, na ndipo ukate ziada na kumimina dawa ya juu.

Silikoni ya kawaida ya bafuni iache bafuni. Nayasema haya nikijua kwamba kuna chupa yake karibu katika kila kisanduku cha vifaa. Ile yenye harufu ya siki hula alumini, na hata ile isiyo na harufu ina kasoro moja isiyosameheka: ikishaanza kubanduka, hakuna kinachoshika juu ya mabaki yake, hata silikoni mpya. Nimetumia siku nzima kukwangua silikoni ya mtu mwingine kwa kisu cha plastiki ili kufanya kazi ya saa moja.

Kama paa lako ni la ABS, mambo matatu hubadilika. Plastiki hiyo hutanuka kwa joto mara tatu hadi nne zaidi ya alumini, kiasi kwamba paa la mita mbili likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi jua la mchana, tofauti ya nyuzi 40, huweza kurefuka kwa milimita sita. Kwa hiyo matundu ya skrubu yawe mapana kidogo kuliko skrubu, nazo zisikazwe hadi plastiki ibonyee. Jigso iende polepole, maana ikichemka plastiki huyeyuka na kujiunga tena nyuma ya msumeno. Na dawa ya kuzibia iwe ile iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa kwa ABS, kwani dawa zenye viyeyusho vya mafuta huifanya plastiki hiyo ipasuke nyufa ndogondogo.

Umeme ni sehemu nyepesi. Feni za aina hii hutumia volti 12 na ampea mbili au tatu kwenye kasi ya juu. Kama taa ya dari ipo, waya umeshafika juu, lakini angalia unene wake: kwa umbali wa mita sita kutoka kwenye betri, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 utapoteza chini ya nusu volti kwa ampea tatu, na ule wa 0.75 utapoteza mara mbili ya hapo, feni ikazunguka kivivu. Pale waya unapopita kutoka kwenye mwili wa trela kwenda kwenye paa, uwe wa nyuzi nyingi laini na uachiwe mzunguko wa kutosha ili usivutwe paa linapopanda wala kubanwa linaposhuka. Tia fyuzi ya ampea tano, au ile iliyotajwa na mtengenezaji wa feni, karibu na mahali unapochukulia umeme, na usikosee chanya na hasi, maana baadhi ya feni zitazunguka kinyume na zenye vidhibiti vya kielektroniki zinaweza kuungua. Kwa hesabu ya betri, kasi ya juu kwa usiku wa saa nane ni kiasi cha ampea-saa 20. Kasi ya chini, ambayo ndiyo utakayoilalia, hutumia sehemu ndogo tu ya hizo.

Ukianza kuitumia, fungua kwanza dirisha moja la chini, upande wa kivuli na mbali na tundu, ndipo uwashe feni itoe hewa nje. Mvua ikinyesha, sentimita kumi za zipu zinatosha. Dirisha hilo lina kazi nyingine pia: feni inayovuta katika chumba kilichofungwa huweza kurudisha ndani moshi wa kifaa chochote cha gesi chenye bomba la kutolea nje, pamoja na kaboni monoksidi yake. Kengele ya gesi hiyo ibaki mahali pake hata baada ya kuweka feni, na jiko lisigeuzwe kuwa la kuotea moto.

Dawa ya juu ikishakauka, inua paa na ulimwagie maji kwa mpira bila kuyasukuma kwa nguvu, ukianzia upande wa chini wa tundu na kupanda taratibu, huku mwenzako akiwa ndani na tochi na karatasi kavu ya chooni akipapasa pembe za fremu. Karatasi huonyesha unyevu ambao macho hayauoni. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, pitia tena skrubu za fremu ya ndani kwa mkono, na kila mwaka kabla ya msimu wa mvua kagua dawa ya juu. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, safisha na umimine nyingine juu yake siku hiyo hiyo.